UZI: Mgonjwa yuko kwenye ventileta, sasa kazi ya kupumua anaifanya nani? Tuzungumze modi za mashine

#1 Mgebuka Mkavu (mleta mada)

Wakuu, mwakeye.

Kwa wasionifahamu, mimi ni muuguzi wa chumba cha wagonjwa mahututi hapa Kigoma. Nimefungua uzi huu kwa sababu kuna swali naulizwa mlangoni karibu kila zamu: "Nesi, mashine si inampumulia? Mbona anahema hivyo?" Ndugu anachungulia, anaona shingo ya mgonjwa inakaza, jasho linatoka, pua zinatanuka, na mashine iko pembeni inawaka taa zake. Anachofikiria ni moja kati ya mawili, ama mashine mbovu ama nesi kasinzia. Swali lake ni la haki kabisa, na hata sisi wa kada ya afya wengi wetu tunalijibu juu juu.

Kwa kifupi ni kwamba kupumuliwa na mashine si jambo la ndiyo au hapana. Kazi inagawanywa kati ya misuli ya mgonjwa na mashine. Modi, yaani namna mashine ilivyopangwa kutoa pumzi, ndiyo inayopanga mgawanyo. Na modi ileile, ukiipanga ovyo, inaweza kumwacha mgonjwa anavuja jasho kana kwamba hakuna mashine chumbani.

Tuanze na kazi yenyewe. Mtu mzima akiwa ametulia, misuli ya kupumua inatumia chini ya asilimia 5 ya oksijeni yote ya mwili. Kiwambo (ule msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo) kinashuka, kifua kinatanuka, hewa inaingia. Kuitoa hewa hakugharimu kitu, mapafu yanajirudi yenyewe. Sasa mpe mtu huyo nimonia ya pande zote mbili. Mapafu yanakuwa magumu, kila pumzi inadai nguvu ya kuyatanua. Au mpe pumu: mapafu yanatanuka, lakini njia zimebana na hewa inapita kwa shida. Ugumu wa mapafu na kubana kwa njia, hiyo ndiyo mizigo miwili ya kupumua, na wapo wanaobeba yote kwa pamoja. Mtu aliyezidiwa anaweza kutumia asilimia 20 ya oksijeni yake, hata zaidi, kuendesha misuli ya kupumua tu. Anapumua ili apate nguvu za kupumua. Ubongo, figo na moyo vinagawana kinachobaki.

Hapo ndipo mashine inapoingia. Mmewaona vijana wanaopandisha mawese kwa baiskeli kutoka stesheni kwenda Mwanga: madumu yamefungwa nyuma, mmoja ameshika usukani na kukanyaga pedeli, mwenzake anasukuma. Msukumaji akisukuma kwa wakati na kwa nguvu ya kutosha, yule wa mbele anakanyaga kidogo tu. Akichelewa, au akisukuma kinyonge, mzigo wote unamrudia wa mbele ingawa kwa mbali unaona watu wawili. Modi za ventileta zinatofautiana kwa mambo matatu: nani anaanzisha pumzi, msukumo una nguvu kiasi gani, na nani anaamua uishe.

Modi ya kudhibiti kila kitu sitakaa nayo sana. Mgonjwa amelazwa kwa dawa za usingizi, pengine na ya kulegeza misuli, mashine inaanza, inasukuma, inamaliza. Kazi yake ni sifuri. Inafaa saa za mwanzo za ugonjwa mkali, kisha inaanza kuwa na gharama zake. Nitaifikia.

Inayotumika zaidi ni asist-kontroo, tunaiandika A/C. Unaipangia mashine idadi ya pumzi kwa dakika, tuseme 16. Mgonjwa akitaka zaidi, anavuta kidogo, mashine inahisi, inampa pumzi nzima yenye ujazo uleule. Kwenye karatasi inaonekana mgonjwa anabonyeza kengele tu na mhudumu anafanya mengine yote. Sivyo. Msuli ukishaanza kuvuta hauzimiki papo hapo kwa kuwa mashine imeitikia. Unaendelea kuvuta kwa muda mrefu wa ile pumzi. Tangu miaka ya 1980 John Marini na wenzake walipima jambo hili na kukuta wagonjwa wa A/C wakifanya kazi kubwa kuliko wengi walivyodhani, hasa pale mashine inapoleta hewa polepole kuliko mgonjwa anavyoitaka.

Hapo pa "polepole" ndipo penye siri. Ukipanga hewa iingie kwa lita 40 kwa dakika na mgonjwa mwenye homa na njaa ya hewa anataka 70, atainyonya mashine. Ukiangalia kioo, mchoro wa presha uliotakiwa uwe umetuna unakuwa umebonyea katikati. Pandisha hadi 60, au 80, uone shingo inavyolegea. Hujabadilisha modi, umebadilisha namba moja. Nawaomba wauguzi wenzangu: kabla hujaomba dawa ya usingizi iongezwe kwa sababu "anapigana na mashine", tazama kasi ya hewa. Mara nyingi mashine ndiyo inayopigana naye.

Halafu kuna presha sapoti. Hii naipenda, sifichi. Mgonjwa anaanzisha kila pumzi mwenyewe, mashine inampandishia presha uliyoipanga, na inakata pale mtiririko wa hewa unaposhuka kufikia sehemu fulani ya kilele chake, kwa kawaida asilimia 25. Ndefu au fupi, ya kina au ya juujuu, mwenye kuamua ni mgonjwa. Presha ya 5 (tunaipima kwa sentimita za maji) haimpi msaada mkubwa. Ya 15 au 20 inabeba sehemu kubwa ya mzigo. Unapandisha mpaka kasi ya kupumua ishuke chini ya 30 na shingo itulie, unateremsha kadiri anavyopata nguvu. Hatari yake ni kwamba asipoanzisha pumzi, hakuna pumzi. Kwa hiyo alamu ya kusimama kwa pumzi na pumzi za akiba lazima ziwe zimewekwa, na mtu aliyejaa dawa ya usingizi usimpe modi hii ukaenda kunywa chai.

SIMV (modi inayochanganya pumzi za lazima za mashine na za mgonjwa mwenyewe) naiacha kwa makusudi, najua itakuja kwenye maswali. Karibuni.

#2 Binti Gungu

Asante kaka Mgebuka. Mjomba wangu yuko kwenye mashine hospitali moja, sitaitaja. Juzi tuliambiwa "tumemwacha apumzike kabisa". Leo asubuhi daktari anasema "tumempunguzia, inabidi afanye kazi mwenyewe". Shangazi analia, anasema wameishiwa oksijeni wanamtoa kijanja. Mtu mgonjwa namna ile unamfanyisha kazi ya nini? Si mumwache apumzike mpaka apone?

#3 Mgebuka Mkavu

Dada pole sana, na shangazi mpe pole. Mjomba wako simjui wala hali yake siijui, hivyo nitasema kwa ujumla tu. Hayo maneno mawili hayapingani.

Kiwambo ni msuli, na msuli usiotumika unasinyaa. Cha ajabu ni kasi yake. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa Marekani: walichukua vipande vya kiwambo kwa watu waliokufa ubongo waliokuwa kwenye mashine bila kuvuta pumzi hata moja wenyewe, kwa saa 18 hadi 69. Nyuzi za msuli zilikuwa zimepungua eneo la mkato kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu waliokaa kwenye mashine saa mbili tatu za upasuaji. Nimesema saa, si wiki.

Kwa hiyo kuna makosa ya aina mbili. Ukimfanyisha kazi kupita kiasi, kiwambo kinachoka na kuumia. Ukimpumzisha kupita kiasi, kinasinyaa, na siku ya kutoa mashine hana cha kupumulia. Tunachotafuta ni mgonjwa anayefanya kazi kidogo, karibu na ile ya mtu mzima aliyekaa ametulia. Siku za mwanzo, mapafu yakiwa mabaya sana, tunakubali hasara ya kupumzisha kabisa. Yakianza kufunguka, tunamrudishia kazi kwa kipimo.

Mwambie shangazi aulize hivi: "Dokta, mnajuaje kama kazi mliyompa haijamzidi?" Ni swali zuri na halina ugomvi ndani yake. Watamwonyesha kasi ya kupumua, mapigo ya moyo, oksijeni ya kidoleni, na shingo ya mgonjwa.

#4 Mzee wa Reli

Vijana, habari za huko. Mie niko Tabora, mstaafu. Nasoma naona mnasifia mitungi na mitambo. Huku kwetu inajulikana: ukisikia mtu kawekwa mashine, andaa turubai. Katika ninaowafahamu waliowekwa, wengi hawakurudi. Zamani mashine hazikuwepo na watu walikuwa wanapona nimonia.

#5 Mgebuka Mkavu

Mzee shikamoo. Sitakubishia kwamba wengi hawarudi. Ila anayewekwa mashine ni yule ambaye saa ileile, bila mashine, misuli imefika mwisho: kasi ya kupumua 45, anasinzia kwa hewa ya ukaa iliyojaa damuni. Ukihesabu waliokufa wakiwa kwenye mashine bila kuhesabu walikuwa na hali gani walipoingia, mashine itaonekana muuaji.

Na zamani hiyo, ngoja nikupe ya kweli. Agosti 1952 mji wa Copenhagen ulipigwa na polio iliyolemaza misuli ya kupumua. Hospitali ya Blegdam ilikuwa na tangi moja tu la chuma la kumlaza mtu na vifaa vichache vya kufunga kifuani. Karibu asilimia 87 ya waliopooza pumzi walikuwa wanakufa. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, akashauri watobolewe koo, wawekewe mpira na kusukumiwa hewa kwa mfuko wa mkono. Wakaitwa wanafunzi wa udaktari, jumla yao wakafika kama 1,500, wakaminya mifuko kwa zamu usiku na mchana. Haukupita muda mrefu vifo vikashuka chini ya nusu. Wagonjwa wale mapafu yao yalikuwa na nafuu, kilichokufa ni misuli. Walipochukuliwa kazi ya kupumua, waliishi.

Mashine inaweza kuua, mzee, hilo nalo ni kweli. Zamani tulikuwa tunajaza mapafu hewa nyingi, mililita 12 kwa kila kilo. Utafiti mkubwa wa Marekani wa mwaka 2000 kwa wagonjwa wenye mapafu yaliyovimba na kujaa maji ulilinganisha 12 na 6. Waliopewa 12 walikufa karibu asilimia 40, wa 6 walikufa 31. Mashine zilezile, tofauti ni namba. Na kilo hizo hupimi kwa mzani, unazipata kwa urefu wa mtu. Mapafu hayanenepi kwa ugali.

#6 Mzee wa Reli

Marahaba. Hilo la Copenhagen sikulijua. Endeleeni, nimekaa.

#7 Tabibu wa Heru Juu

Mkuu umeupiga mwingi, lakini kwenye SIMV umetukwepa. Chuoni tulifundishwa kwamba SIMV ndiyo daraja la kumtoa mgonjwa: unaanza na pumzi 14 za lazima, kesho 10, keshokutwa 6, mwisho 4, anatoka. Kila ukipunguza anafanya zaidi mwenyewe. Ina mantiki yake. Kwa nini inasemwa vibaya siku hizi?

#8 Mgebuka Mkavu

Tabibu, nilijua utakuja.

Kwa wasioijua: SIMV inatoa idadi fulani ya pumzi kamili za lazima, na katikati inamwacha mgonjwa apumue zake. Ilipoletwa miaka ya 1970 watu waliipenda kwa mantiki hiyo hiyo yako. Pumzi za mashine anapumzika, pumzi zake anafanya mazoezi.

Tatizo ni kwamba ubongo hautoi amri pumzi kwa pumzi namna hiyo. Kituo cha kupumua kinapanga nguvu kwa kutazama mzigo wa jumla. Hakijui inayofuata ni ya mashine au ya kwake. Rudi kwenye baiskeli: msukumaji anayesukuma mara moja kila hatua ya tatu hampi mwenzake nafasi ya kulegeza miguu, kwa sababu hajui msukumo utakuja lini. Waliopima kazi ya misuli kwenye SIMV walikuta hivyo, mgonjwa anavuta karibu sawa katika pumzi ya mashine na katika pumzi yake. Ukizishusha pumzi za lazima chini ya nusu hivi ya anazohitaji, kazi inapanda hata ndani ya zile ambazo zilitakiwa kumpumzisha.

Miaka ya 1990 zikafanyika tafiti mbili kubwa za kuachisha mashine, ya Brochard iliyochapishwa 1994 na ya Esteban huko Hispania 1995. Hazikukubaliana kwa kila kitu. Brochard aliona presha sapoti inaongoza, Esteban akaona kumjaribu mgonjwa mara moja kwa siku apumue mwenyewe kunamtoa haraka karibu mara tatu kuliko kupunguza pumzi za lazima. Lakini katika zote mbili, njia ya kupunguza pumzi za SIMV haikupata sifa.

Nikiikuta SIMV kwenye zamu sipigi kelele. Ukiiongezea presha sapoti ya kutosha kwenye zile pumzi za katikati, makali yake yanapungua. Lakini kumwacha mtu na pumzi 4 za lazima na mpira mwembamba kooni, bila sapoti yoyote, ukaita hilo mazoezi, mimi naona ni mateso.

#9 Mwana Isevya

Niongezee upande wa karakana. Mimi ni fundi wa vifaa tiba, Tabora. Naitwa "mashine imeharibika", nafika nakuta mashine nzima.

La kwanza ni maji kwenye mipira. Mvuke ukiganda na kucheza ndani ya mpira, mashine inahisi kama mgonjwa kavuta, inatoa pumzi ambayo hakuiomba. Unaona pumzi 34 kwa dakika, mnasema mgonjwa anahema sana, kumbe maji. Mwageni maji kwenye kikombe chake, si kuyarudisha kwa mgonjwa. Kuvuja nako ni vilevile: puto la mpira wa kooni likipungua hewa, au kiungo kikilegea, mashine inajichochea yenyewe.

La pili ni kinyume chake. Mtu anapandisha triga (kiwango cha mvuto wa mgonjwa kinachoifanya mashine iitikie) ili alamu zikome. Ya mtiririko kwa kawaida ni lita 1 hadi 3 kwa dakika, ya presha sentimita 1 hadi 2 za maji. Nikikuta imewekwa 8 najua kuna aliyetaka kulala. Mgonjwa anavuta na kuvuta mlango haufunguki. Kazi hiyo yote ni bure, haileti hewa hata kidogo.

La tatu, umeme na oksijeni. Mashine nyingi za siku hizi zina feni ndani, zinavuta hewa ya chumbani, hivyo hazidai hewa ya mgandamizo. Lakini oksijeni zinadai. Silinda kubwa ya lita 6,800 ikitoa lita 10 kwa dakika inakwenda saa 11 na dakika chache tu. Pigeni hesabu kabla ya usiku. Na betri ya ndani ipimwe ikiwa na mzigo. Taa ya kijani haikwambii betri ina uzima gani. Ambu (mfuko wa kusukumia hewa kwa mkono) iwe kitandani pa mgonjwa muda wote. Nimewahi kuona imefungiwa kabatini na mwenye ufunguo kaenda nyumbani.

#10 Mgebuka Mkavu

Mwana Isevya, hilo la triga linanifikisha kwenye jambo nililotaka kulieleza kwa nafasi, maana linawaumiza wavutaji wa sigara wa muda mrefu na waliopika kwa kuni miaka mingi, wale wenye mapafu yaliyolegea na njia zilizobana (COPD). Pia pumu kali.

Mgonjwa huyu anachelewa kutoa hewa. Kabla hajamaliza, pumzi nyingine inaingia. Hewa inabaki imenaswa ndani na inakaa na presha yake, tuseme sentimita 10 za maji. Mashine iko nje, haiijui presha hiyo. Ili mashine imhisi, mgonjwa lazima kwanza avute 10 nzima ya kufidia, ndipo avute ile 1 au 2 ya triga. Wengine hawafiki. Utaona tumbo na shingo vinavuta mara 30 kwa dakika na mashine inaonyesha 18. Zile 12 ni juhudi zilizopotea. Hesabu kwa macho na mkono wako kifuani, usihesabu kwa kioo.

Dawa yake wengi wanaiona kinyume: unampandishia PEEP, ile presha inayobaki mwishoni mwa pumzi, ikaribie ile iliyonaswa ndani. Watu husema asilimia 75 hadi 80 ya iliyonaswa. Kwa 10, unaweka 7 au 8. Umbali wa kuvuta unapungua, mashine inamsikia. Wakati huohuo punguza ujazo na idadi ya pumzi, mpe muda mrefu wa kutoa hewa, mfungulie njia kwa dawa, mnyonye makohozi. Na kwenye presha sapoti usiache ile asilimia 25 ya kukata. Kwa watu hawa mtiririko unashuka polepole, mashine inaendelea kusukuma wakati yeye tayari anataka kutoa. Pandisha hadi 40, pumzi iishe mapema.

Na kama umemuwahi, huenda hata mpira wa kooni hauhitajiki. Barakoa iliyobana vizuri yenye presha mbili, ya juu wakati wa kuvuta na ya chini wakati wa kutoa, inafanya kazi hiyohiyo. Utafiti wa Brochard wa 1995 kwa wagonjwa wa COPD waliozidiwa: kwenye matibabu ya kawaida asilimia 74 waliishia kuwekewa mpira, kwenye barakoa asilimia 26. Ila awe na fahamu, aweze kukohoa, na nesi akae naye saa ya kwanza. Barakoa bila mtu wa kukaa nayo inaishia sakafuni.

#11 Binti Gungu

Wifi yangu alijifungua njiti, akawekewa vimipira puani na chupa yenye maji yanayotoa mapovu. Nayo ni ventileta?

#12 Mgebuka Mkavu

Hapana dada, hiyo ni CPAP ya mapovu, na ni kifaa chenye akili sana kwa bei yake. Haisukumi pumzi. Mpira wa kutolea hewa umezamishwa kwenye maji, sentimita 5 chini, basi mtoto anabaki na presha ya sentimita 5 mapafuni muda wote. Mapafu ya njiti hayana mafuta ya kutosha ya kuyazuia yasigandane, yakisinyaa kila mwisho wa pumzi anaanza upya kuyafungua. Ile presha inayaacha wazi, kwa hiyo kazi ya kila pumzi inapungua ingawa anapumua yeye mwenyewe. Mapovu yakikoma ujue kuna mahali panavuja, mwite nesi.

#13 Mzee wa Reli

Nina swali la kijinga. Huo mpira wa kooni wenyewe haumbani mtu?

#14 Mgebuka Mkavu

Mzee, ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama zote. Unabana. Ugumu wa hewa kupita unakua kwa kipeo cha nne cha wembamba: ukipunguza upana kwa nusu, ugumu unapanda mara 16. Ndiyo maana mtu mzima akiwekewa namba 6 badala ya 7.5 au 8 tunanung'unika, na makohozi yakikauka ndani ya mpira ni kama umemwekea mdogo zaidi. Pia kile kichujio cha kuhifadhi unyevu kinaongeza nafasi ya hewa isiyo na faida, na kikilowa makohozi kinaziba. Mgonjwa anayehema bila sababu inayoonekana: pitisha mpira wa kunyonya, badilisha kichujio, ndipo uguse modi.

Zipo modi mpya zinazojaribu kufuata mgonjwa kwa karibu zaidi. NAVA inapitisha waya kupitia puani unaosoma umeme wa kiwambo, mashine inasukuma kadiri kiwambo kinavyoamriwa. Kwa sasa huku kwetu tutazame tulizonazo.

#15 Tabibu wa Heru Juu

Nimeelewa, SIMV nimeiweka pembeni. La mwisho: mgonjwa yuko presha sapoti, tunataka kumjaribu. Namba zipi? Na nina mmoja wa kufikirika (msiniulize): amefaulu jaribio, anapumua 22, ametulia, lakini makohozi ni mengi na kukohoa ni kwa kubembelezwa. Tunatoa mpira?

#16 Mgebuka Mkavu

Presha sapoti 5 hadi 8, PEEP 5, dakika 30, ukitaka hadi 120. Kabla ya hapo ugonjwa uliomleta uwe umeanza kurudi nyuma, oksijeni anayohitaji iwe ya wastani, presha ya damu isiwe inashikiliwa na dawa nyingi, awe macho. Gawanya idadi ya pumzi kwa ujazo wa pumzi kwa lita: ikizidi 105 uwezekano wa kushindwa ni mkubwa. Simamisha akipita 35 kwa dakika, oksijeni ikishuka chini ya 90, mapigo yakipita 140, au ukiona jasho na tumbo linaingia ndani wakati kifua kinapanda. Akishindwa mrudishie sapoti ya kumtosha apumzike mpaka kesho. Kumjaribu tena baada ya saa mbili ni kumchosha tu.

Huyo wako wa kufikirika, mimi simtoi leo. Jaribio limekwambia misuli inauweza mzigo. Halijakwambia kama anaweza kusafisha njia yake mwenyewe. Angalia unamnyonya mara ngapi. Kama ni kila saa, au mara nyingi zaidi ya hapo, mpira ukitoka leo utamrudishia usiku, na usiku huo uko peke yako na taa ya simu. Mkalishe, kitanda digrii 30 hadi 45, mazoezi ya kifua, punguza dawa ya usingizi iliyobaki, kesho asubuhi mwambie akohoe umsikie.